Shibiri Niliyoiacha Wazi

Baba Rehema, mume wangu,

Barua za watu huanza kwa kuulizana hali. Yako sikuulizi. Iko kwa Mola wako, na naamini ni njema, kwani hukuwahi kumharakia mtu kwa ubaya, wala hukuwahi kuharakia jambo lolote. Yangu nitakwambia. Niko ndani. Nimekaa kwenye kile kiti chako kisicho mgongo, mbele ya cherehani yako, na mlango wa barazani umetiwa komeo. Dada yako Zuhura yuko jikoni anakanda unga. Nina hakika kila nikisogeza kiti huacha kukanda asikilize nakwenda wapi.

Kwenda wapi? Nimekalia eda yako. Wanawake wa hapa Shika Adabu wanaokuja kunitazama huniita kizuka, kama aitwavyo kila mjane aliye edani, na hawana nia mbaya. Lakini kila nikilisikia neno hilo natamani niinuke, nikoge, nijifunge leso mpya, nijitie asumini kichwani, nitoke zangu. Sithubutu. Nimevaa gauni lilo hilo lisilo rangi, nimekaa. Nitakwambia kweli kwa kuwa huwezi tena kuninunia: nakulilia, na nimechoka kukukalia. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja, na hakuna mgeni hata mmoja ninayeweza kumwambia.

Wakumbuka siku Rehema alipotuletea habari ya mimba? Ulimaliza kutia kifungo cha kanzu ya mtu, ukakata uzi kwa meno, ndipo ukainuka na kulivuta lile sanduku la mabaki chini ya kitanda. "Mjukuu wa fundi halalii blanketi la dukani," ukasema. Ukamwaga vipande vyote sakafuni. Palikuwa na sare ya Rehema ya chuo cha Kurani, kijani, na leso niliyojifunga siku ya kutolewa nje baada ya harusi yetu, na kile kikoi chako kilichochanika nikakuapia nimekitupa. Uliketi navyo kama mtu anayepanga karata. Kazi ya siku mbili uliifanya mwezi mzima, lakini upande wa juu wa mfarishi, hilo blanketi la viraka, ulipokamilika nilishika kiuno nikautazama, nikakosa la kukutania.

Kisha ukaniudhi. Mimi nilitaka kingo nne zilizonyooka, tupige mshono, tumalize. Wewe ukachukua kisahani changu cha chai, ukakilaza ukingoni mwa mfarishi, ukazunguka nacho kwa chaki ya buluu. Wimbi, wimbi, wimbi, pande zote nne.

"Yakhe, hayo mawimbi yote ya nini?" nikakuuliza. "Nani atayashona?"

"Pembe nne ni za gunia la mchele, Mama Rehema. Huyu ni mtoto."

Kisahani ninacho bado. Kina buluu ukingoni, na nimemkataza Zuhura kukiosha.

Ulinifunza ule utepe kwa subira ambayo hata mimi nilikuwa nikiionea aibu. Mafundi wa mjini huuita bayasi, marehemu mamako alikuwa akiuita upapi, na mimi nilikuwa nikiuita balaa. Ulikikunja kitambaa pembe kwa pembe ukakikata mshazari. Kitambaa kilichokatwa kwa kufuata uzi wake ni kikaidi, ulisema, hakikubali kuzunguka wimbi, hukunjamana. Kilichokatwa mshazari hulegea, hufuata popote unapokipeleka. Nikadhani kulegea huko ndiko kunakotaka kuvutwa. Nikashona wimbi la kwanza kwenye kitambara cha kujaribia, nikaulaza utepe, nikauvuta vizuri ukakaza, nikakupa kwa majivuno. Ukingo ulikuwa umejikunja juu kama kawa la kufunikia chakula.

Ukakishika kile kitambara mkononi, ukakitazama ndani. "Hili sasa ni bakuli," ukasema. "Tutie uji?"

Nilikurushia subana ya kidoleni. Ukacheka mpaka ukakohoa.

"Mbona wavuta?" ukaniambia. "Wewe wavuta kila kitu. Wavuta mlango, wavuta mazungumzo ya watu, hata adhana wataka kuivuta ije mbele. Huku kilimani usivute. Uache utepe upumue, uende nao taratibu. Kule bondeni, baina ya wimbi na wimbi, piga mkasi kidogo tu, zamisha sindano, inua mguu wa cherehani, geuza nguo. Na sikia: usiyakate mawimbi kabla utepe haujakaa. Fuata chaki, shona, kisha ndio ukate."

Nilikwambia nimesikia. Nilikuwa nikifikiria samaki wangu jikoni.

Watu wa mtaa huu walikupenda na walikulaani kwa jambo moja hilo hilo, taratibu zako. Wateja wakija kuulizia nguo, mimi ndiye niliyetoka barazani kuwadanganya. Ila Bi Saumu wa Chaani hakudanganyika. Zamani, Rehema hajaolewa bado, alikuja kutushonesha mfarishi wa mtoto wa bintiye, na kila wiki alikuwa hapo, ameshika kiuno, akitwambia alivyopata taabu ya kuvuka kwa feri kutoka upande wa pili. Siku ile alikukuta umebakisha kipande kidogo cha ukingo. Akautia mkono mfarishi kwenye cherehani, aende nao hivyo hivyo akamalizie kwa fundi wa kwao. Ukauwekea kiganja juu, kwa adabu, ukamwambia kwa ile sauti yako ya kusomea dua:

"Bi Saumu, mfarishi ambao ukingo wake haujafungwa, mtoto haulalii. Na hufungwa na mkono uliouanza, pale pale ulipoanzwa, na mtoto mwenyewe awe yupo. Ukiingia mkono mwengine, mtoto hapati usingizi."

Bi Saumu akaurudisha mkono kama aliyegusa kaa la moto. Akaondoka. Nikakuuliza hilo umelitoa kitabu gani.

"Nimelitoa sasa hivi," ukanijibu. "Yule mama alikuwa anipokonye kazi mkononi!"

Tulicheka siku hiyo, Baba Rehema, mpaka jirani akagonga ukuta kutuuliza kuna nini. Na wiki iliyofuata Bi Saumu akaja na bintiye na mtoto mchanga, na kijana wake wa kiume amewabebea mizigo. Kijana akakaa barazani kungojea ufunge ukingo. Rehema akamtolea kahawa. Ulichelewa sana siku hiyo, na kahawa ilitolewa mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Ndivyo tulivyompata mkwe, na ndivyo Bi Saumu alivyokuwa mtu wetu. Lile neno lako hakulisahau. Nasikia kule Chaani alilisambaza hata kwa watu wasiokujua, na wanawake huambiana kama jambo la tangu mababu.

Sasa nikwambie yaliyokuja baada yako.

Uliondoka alasiri, umeegemea ukuta kupumzika, chaki mfukoni. Rehema alikuja mazikoni na tumbo lake kubwa. Nikajua, na wewe ungejua, kwamba hatarudi Chaani. Mtoto wa kwanza huzaliwa kwao mama. Mamangu alinizalisha mimi kwake, na nyanyangu alimzalisha yeye. Nilikuwa nimeshaweka tangawizi na pilipili manga za uji wa mzazi, nimeshatandika kile kitanda cha dirishani. Matanga yalipokwisha, Bi Saumu akasimama ukumbini, amejifunga buibui, amemshika Rehema mkono.

"Mzazi na kizuka hawakai nyumba moja," akasema. "Huzuni huingia kwenye maziwa."

Kalitoa wapi? Pengine alilitoa pale pale, kama wewe lile lako. Lakini wewe hukuwapo kumjibu, na mume wa Rehema alikuwa njiani na lori, ametoka na makontena bandarini Kipevu kwenda bara, na kwa simu alisema kila anachosema siku zote: mama akishasema, amesema. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na shali kichwani. Kizuka hajadiliani na watu mlangoni. Rehema alinitazama mpaka walipokunja kona.

Amezaa, mume wangu. Ni mtoto wa kike. Alinipigia simu kabla hajaweza kukaa sawasawa.

"Mama, nataka uje."

"Nina eda, mwanangu."

"Basi n'je mimi huko."

"Una arobaini yako. Mzazi hatoki."

Nikamsikia mtoto akikoroma kama paka mdogo. Tukabaki hivyo, kila mtu ameshika simu yake. Yeye amefungiwa na uzazi, mimi nimefungiwa na kifo, na hakuna hata mmoja wetu aliyekosa jambo.

Nilijaribu. Nilimwambia Zuhura kuwa wapo wanazuoni wasemao mwenye eda aweza kutoka mchana kwa haja, bora alale kwake.

"Haja gani?" akaniuliza.

"Kumwona mwanangu mzazi."

"Mwanao ana mkwewe, wifi. Haja ni moto. Nyumba ikishika moto, nitakutoa mwenyewe kwa mikono yangu."

Usimkasirikie. Anakulilia kwa namna yake, na namna yake ni kunilinda mimi nisikutie aibu. Lakini sijui kama wajua nyumba hii ilivyo ndogo kwa mtu asiyetoka. Wewe ulikuwa ukikaa barazani na mtaa wote ukipita mbele yako. Mimi naujua mtaa kwa masikio tu. Namjua mwenye mkokoteni wa maji kwa gurudumu lake linalolia, na watoto wa chuoni kwa viatu vyao. Wanakwenda, wanarudi, na mimi nipo pale pale. Kuna siku nilishika komeo nikasimama tu, bila ya kulifungua, nikitaka kujua kama chuma kile ni baridi au ni moto. Kilikuwa moto, kwani upande wa pili kulikuwa na jua. Nikarudi nikakaa.

Ndipo nikautoa mfarishi, ukingo wake bado una chaki yako tu.

Nikafanya kosa lile lile uliloniambia nisilifanye. Nilichukua mkasi wako mkubwa nikayakata mawimbi yote kwanza, kwa kufuata chaki, nikajiona hodari. Nilipoushika ukingo ukawa umelegea wote, umetanuka kama shingo ya fulana iliyovaliwa na watu watatu. Hapo nililia. Siku ya maziko yako nililia pia, lakini nilikuwa nimezungukwa, huyu ananishika huku, yule anasoma. Siku ile nililia peke yangu, kwa sauti, nimekumbatia vitambaa, kwa kuwa ulinionya na sikusikiliza, na sasa hakuna wa kunionya tena hata kama nitasikiliza. Zuhura alikuja akasimama mlangoni. Aliniletea maji.

Nikapiga bandi, ule mshono wa kushikiza, ukingo mzima kwa mkono, nikauvuta uzi kidogo kidogo mpaka mawimbi yakarudi mahali pake. Kisha nikaanza na utepe. Nikavuta, nikapata bakuli. Nikafumua. Nikapata bakuli jengine. Ningeweza kufungua mgahawa. Nilikuwa nikisikia sauti yako kila nikigeuza wimbi, na sikuipenda, kwa kuwa ilikuwa inasema kweli.

Mpaka siku moja utepe ukakaa. Sikujifunza hekima yoyote, usije ukajisifu. Ni kwamba nilikuwa sina pa kuwahi. Samaki alikuwa akipikwa na Zuhura, wageni walikuwa wamekwisha, na Rehema hakuwa akija. Mkono wangu ukachoka kuvuta. Utepe ukapanda kilima wenyewe, nikapiga mkasi bondeni, nikazamisha sindano, nikageuza. Nikautandika sakafuni nikaupapasa, ulikuwa umelala bapa, hauna hata mkunjo. Nikageuka kukuonyesha. Kiti chako nilikuwa nimekikalia mimi.

Arobaini ya Rehema ikatimia. Nikafagia nyumba, nikamngojea. Akapiga simu kwamba Bi Saumu bado hataki. Amesema mtoto asiletwe kwa kizuka, wangojee eda iishe ndipo waje kunipa mkono. Rehema alilisema hilo kwa sauti ndogo ya mtu anayesikilizwa. Aliniambia mtoto ana vidole vyako, virefu, na kwamba hanyonyi kwa pupa. Kisha akasema, "Mama, nimesahau hata harufu ya nyumba yetu." Nilimaliza ile simu nikiwa na hasira ambayo haina mahali pa kwenda katika vyumba viwili na jiko.

Mfarishi ulikuwa mapajani. Nilikuwa nimezunguka pande zote, nimefika mwisho, ncha mbili za utepe zinatazamana na baina yake pamebaki shibiri moja. Nikaitazama shibiri ile. Nikamkumbuka Bi Saumu akirudisha mkono wake kwenye cherehani yako.

Nikakata uzi.

Nikamwita Zuhura, nikamwambia aupeleke Chaani, zawadi ya mtoto kutoka kwa babu yake, na awaambie ukingo nimeuanza mimi. Alizungusha mkono ukingoni, ukasita pale palipo wazi.

"Mbona hukuufunga?"

"Uzi umeniishia."

Aliitazama cherehani. Uzi ulikuwa pale juu, umejaa, mweupe, anauona kama nilivyouona mimi. Akanitazama.

"Mungu hapendi uongo, wifi."

"Najua."

Akaukunja mfarishi polepole, akautia kikapuni, akajifunga buibui lake. Alipofika mlangoni akasema, bila ya kugeuka, "Nitawaambia uzi umekuishia."

Aliporudi alinisimulia kwa uso usiocheka, lakini alinisimulia mara mbili. Bi Saumu alitandika mfarishi kitandani, akamlaza mtoto juu yake, akausifu, akawaita na majirani waje waone mawimbi. Kisha mkono wake ukafika penye shibiri. "Lo! Haukufungwa huu!" Akamwondoa mtoto juu yake upesi upesi. Jirani mmoja akasema si kazi, hapa Chaani mafundi tele. Na Bi Saumu akamgeukia, Baba Rehema, akamgeukia kwa ukali akamwambia la, hilo halifanyiki, yeye aliambiwa na fundi mwenyewe kwa kinywa chake, Mungu amrehemu. Mkono uliouanza, pale pale ulipoanzwa, na mtoto mwenyewe awe yupo.

"Na huzuni kwenye maziwa je?" Zuhura akamuuliza, mkavu.

Bi Saumu akafikiri. Akasema huzuni yaweza kuombewa dua, lakini mtoto asiyelala atamuua yeye mwenyewe, kwani chumba chao ni kimoja.

Siku ile mimi na dada yako tulicheka. Yeye ndiye aliyeanza. Tukajiziba midomo kwa leso, kwa kuwa kwenye nyumba ya eda hakuchekwi, na kujiziba kukatuzidishia. Sikuwa nimecheka tangu uondoke, na kicheko chenyewe kilikuwa chako, ulikiacha hapa miaka ile bila ya kujua.

Leo asubuhi Rehema ameniletea sauti kwenye simu: "Mama, tushatoka nyumbani. Bi Saumu yuwaja nasi. Asema uufunge, tuuchukue, turudi mchana huu huu."

Turudi. Nimeisikiliza sauti ile tena na tena, na neno hilo halibadiliki. Shibiri moja, Baba Rehema. Hata mimi najua kuwa ni kazi ya chai kupoa. Nikishaifunga, Bi Saumu atainuka, atajifunga buibui, atamshika Rehema mkono kama siku ile, na mimi nitabaki na komeo langu. Eda haijaisha. Sikupata ufunguo wa mlango huu. Nimepata shibiri tu.

Kwa hivyo nakuandikia kukuomba kitu ambacho sikukuomba maisha yetu yote, bali nilikupigia kelele ukiache. Nipe mwendo wako leo. Ile namna yako ya kuutafuta uzi ulio mkononi. Ya kuipima nguo, ukaiweka, ukanywa maji, ukaipima tena. Nitamweka mtoto hapa mapajani pamoja na mfarishi, kwani si lazima awe yupo? Nitatunga sindano na nitaikosa tundu. Nitamwambia Bi Saumu mkono wa kizuka ni mzito, anisamehe, na Zuhura amwongeze mahamri. Rehema atajinyoosha kwenye kitanda cha dirishani apate usingizi wa kwao. Sitavuta hata uzi mmoja.

Na nikiona shibiri inakaribia kwisha na jua bado liko juu, nitafumua.

Zuhura ameacha kukanda. Kuna viatu barazani, na kile kikoromo cha paka mdogo nimekisikia. Wanabisha hodi. Naiacha kalamu hapa, kwa mara ya kwanza leo sina haraka nawe.

Mkeo aliyekuwa akivuta,
Mama Rehema